Sungura wa Nyamira na Kamba za Nyanya

Sisi watu wa pwani sungura twamjua wa hadithini: yule kitungule mjanja aliyemghilibu fisi na kumcheka simba. Sungura wa kizimbani, wa kufugwa na kuliwa kwa ugali, wengi wetu hatuna habari naye. Ndiyo maana mwalimu mmoja mstaafu wa Nyamira, tuliyejuana naye miaka mingi, aliponialika nikalione "shamba lake la ghorofa", nilidhani ananitania.

Nilisafiri usiku kucha kutoka Mombasa, na siku ya pili nikashuka Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira. Kibaridi kilinipiga hata nikajuta kuacha koti. Kila upande vilima, na kila kilima kimevaa chai na migomba. Mvua huko hainyimi, na ardhi ni ya rutuba. Lakini watu ni wengi na mashamba yamegawanywa, baba kwa mwana, hata yamekuwa vipande vyembamba vinavyoteremka toka kileleni hadi mtoni.

"Bwakire, Sheikh!" mwenyeji wangu alinipokea kwa salamu ya kwao, kisha akanionyesha urithi wake. Amekwisha kuwagawia wanawe watatu. Yeye na mkewe wamebakiwa na robo ekari, nyumba na choo mumo humo.

"Ng'ombe simuwezi, ataka malisho," aliniambia. "Basi sungura nimempandisha ghorofa."

Kweli ilikuwa ghorofa. Vizimba vya mbao na wavu vimepandana orofa tatu, chini ya paa la mabati, vimeinuliwa juu ya nguzo ili mbwa na vicheche wasifike. Mna majike sita na madume mawili. Jike hubeba mimba mwezi mmoja tu. Siku zikikaribia hujinyonyoa manyoya ya kifuani akayatandika katika sanduku alilowekewa, ndicho kitanda cha wanawe. Huzaliwa vipofu, hawana hata unyoya, na macho hufumbua baada ya siku kumi hivi. Mwalimu huwaachisha kunyonya wakifika wiki sita.

Chakula chao ni majani tembo, mashina ya viazi vitamu na magugu ya shambani. Lakini hayapewi mabichi yenye umande. Huanikwa kwanza yakanyauka, maana majani ya maji huwavimbisha matumbo wakafa. Kizimba nacho hufagiliwa kila siku na kuwekwa kikavu, la sivyo huingia ukurutu na kuhara, na ugonjwa ukiingia chumba kimoja haukawii kubisha hodi cha pili. Samadi yao huenda migombani na katika mboga. Hakuna kitupwacho.

Usidhani, msomaji, kwamba mambo yamekuwa mteremko. Miaka ya nyuma walimjia wafanyabiashara wenye suti, wakamwuzia sungura wa mbegu kwa bei ya mbuzi, wakamwahidi kununua kila mtoto atakayezaliwa, na mkojo wa sungura juu yake. Alitoa akiba yake ya pensheni. Watoto walizaliwa, wakajaa vizimba. Wanunuzi simu zao zikazimwa. Mwalimu akabaki na sungura sitini na deni la chakula chao.

"Nilijifunza siku ile," alisema, "kwamba kufuga ili ule ni jambo moja, na kufuga ili utajirike kwa maneno ya mtu ni jambo jingine."

Na kula kwenyewe kulikuwa na mtihani wake. Kisii na Nyamira ni ngome ya Waadventista; mishonari wao walifungua kituo Gendia, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1906, na mafundisho yao yakaenea hata vilimani huku. Wao hushika Taurati, na katika Mambo ya Walawi sungura ametajwa miongoni mwa wanyama najisi. Mwalimu si mfuasi wao, lakini mkewe ni muumini hasa. Alipoona nyama ile imekuja kuwa chakula cha nyumbani, alimwambia mumewe neno moja: "Baba, katika chungu changu, hapana."

Mama huyu naye ni ghala la elimu. Analima wimbi, nafaka ambayo hukaa miaka ghalani bila kuliwa na wadudu. Anagandisha maziwa katika kibuyu, yale waitayo amabere amaruranu. Mgagani, kwao chinsaga, huuchemsha polepole, akautia maziwa hata uchungu ukatoka. Ugali wa wimbi, obokima, huuandaa katika ekee, kikapu alichokisuka mwenyewe. Wakwe zake vijana walikuwa wakimcheka, wakimwambia hayo ni ya zamani, unga uko dukani.

Kicheko kilikoma mwaka 2020. Mwana wao wa pili alikuwa mpishi katika hoteli ya watalii huku kwetu Mombasa. Corona ilipoingia, hoteli zikafungwa, na kuanzia Aprili hata Julai hapakuwa na ruhusa ya kutoka wala kuingia Mombasa. Njia ilipofunguliwa alirudi kwao na mke na watoto wanne, mfukoni hana kitu. Kinywa sita juu ya robo ekari! Waliishi kwa wimbi la mama, mboga za mama na sungura wa baba, waliopikwa nje, juu ya mafiga matatu, katika sufuria yao peke yao. Mwana alikaa mwaka mzima, na hakuna mtoto aliyelala na njaa.

Siku niliyofika Mwalimu alinikabidhi kisu. "Sheikh, nasikia ninyi hamli mpaka mchinje wenyewe." Wako watakaoniuliza: je, halali? Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tuliyo nayo wengi pwani, ni halali. Na imepokewa kwa Anas bin Malik kwamba alikamata sungura, Abu Talha akamchinja, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akapelekewa sehemu ya nyama ile akaipokea. Ndugu zetu Mashia hawamli. Nikaelekea kaskazini, ndiko kibla huko, nikapiga bismillahi.

Tulikula pamoja jioni ile: sufuria ya sungura upande huu, chungu cha chinsaga upande ule, na ekee ya obokima katikati. Mama hakugusa chetu, wala hakutukunjia uso. Nami, niliyezoea kuuliza sufuria ya watu imepikiwa nini kabla sijaonja, nilimwelewa kuliko alivyodhani.

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Nilimkumbuka nyanya yangu. Alikuwa akifukia makumbi ya nazi pwani miezi kadhaa, akayafukua, akayaponda kwa rungu, akasokota kamba ya kufungia makuti. Alisuka ukili kwa miyaa, akashona mikeka ya nyumba nzima. Aliniita mara nyingi, "Njoo ushike huku, mwanangu." Nami nilikuwa na vitabu vyangu, nikajiona msomi. Leo nimeandika mashairi ya kumsifu, na kamba ya shibiri moja siwezi kuisokota. Nanunua ya nailoni.

Asubuhi nikiaga, niliwakuta wajukuu wawili wa Mwalimu wamechuchumaa kizimbani, mmoja anafagia, mwingine anaanika majani. Hakuna aliyewatuma. Bibi yao alikuwa kizingitini anachambua wimbi. Akanipa kifuko chake nikapeleke kwangu.

Wimbi lile sikulisaga. Nimefika mjini nikamtafuta bi kizee mmoja wa mtaa wetu ambaye bado anajua kazi ya makumbi, nikampelekea liwe uji wake. Nikamwomba anifundishe, mimi na binti yangu. Alinitazama mikono, akacheka sana. Kisha akasema tuje Jumamosi, baada ya alasiri.