LULU YA MAJI MATAMU NA MIZANI YAKE

Wasomaji wetu wa Buzwagi, Kahama na Geita hawahitaji kufundishwa thamani ya dhahabu. Mgodi wa Buzwagi ulitoa dhahabu tangu mwaka 2009 hata mwaka 2021. Na tangu mwaka 2019 yamefunguliwa masoko ya madini katika nchi hiyo, ambako dhahabu hupimwa uzito na usafi wake, na bei ikajulikana kabla fedha hazijatoka mkononi. Lakini mzazi anayemtafutia binti yake pambo la arusi, akaiacha dhahabu akachukua kidani cha lulu, ameingia katika biashara nyingine kabisa. Lulu haina bei moja kwa uzito wake. Lulu mbili zilizo sawa kwa ukubwa huweza kupitana sana kwa bei, wala jicho lisilozoea halioni sababu. Basi yapasa kila nyumba ijue kitu hiki ni nini kabla ya kukinunua.

Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Sura ya Fatir, aya ya 12, habari ya bahari mbili zisizo sawa, moja tamu na moja ya chumvi, na kwamba zote mbili huwapa watu chakula na mapambo. Wako wafasiri wa kale walioona kuwa lulu hutoka katika maji ya chumvi peke yake. Leo twaona kuwa sehemu kubwa ya lulu zinazouzwa duniani zatoka katika maji matamu, yaani katika mabwawa na maziwa ya Uchina, na soko lake mashuhuri ni mji wa Zhuji. Subhanallah!

Lulu hiyo hukua ndani ya kome, mnyama laini mwenye makombe mawili, ndugu wa mbali wa kome waishio katika Ziwa Viktoria. Wengi husema kuwa lulu huanza kwa punje ya mchanga. Sivyo, kwa kawaida huanza kwa jeraha, au kwa kidudu kilichoingia katika ngozi laini ile inayojenga kombe. Wafugaji wameiga jambo hilo. Humtwaa kome mmoja, wakaikata ngozi yake vipande vya milimita chache. Kisha humfunua kome wa pili kidogo tu, asije akafa, wakamtia vipande hivyo katika ngozi yake. Mara nyingi kome mmoja hutiwa zaidi ya vipande 20. Kila kipande hufanya kifuko, na ndani yake hujengeka tabaka juu ya tabaka za kitu kile king'aacho kilichomo ndani ya kombe. Kome hutundikwa majini katika nyavu zilizoshikwa na maboya, wakatunzwa na kungojewa miaka miwili, mitatu, hata sita.

Je, lulu iliyofugwa ni lulu ya kweli? Naam, ni ya kweli. Mwanadamu ametia mbegu tu, na aliyeikuza ni Muumba. Mkulima wa Kahama apandapo mpunga, hapana amwambiaye kuwa mchele wake ni wa bandia. Na sisi wenyewe tunao wafugaji: huko Unguja, wanawake wa vijiji vya Fumba hufuga chaza wa bahari katika Ghuba ya Menai, wakapata nusu-lulu, ile inayokua imeshikamana na kombe.

Tena yafaa tukumbuke gharama ya lulu za kuzamiwa. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wapiga mbizi wa Bahrain, Kuwait na pwani za jirani walishuka baharini kwa pumzi zao, wengi wao wakiwa wamefungwa kwa madeni. Na miongoni mwao walikuwamo Waafrika waliotekwa utumwani kutoka Afrika ya Mashariki. Biashara hiyo ilianguka katika miaka ya 1920 na 1930, zilipoenea lulu za kufugwa za Japani na uchumi wa dunia ukaharibika. Basi asiidharau mtu lulu ya kufugwa.

Amma thamani yake, hutazamwa kwa alama hizi: mng'ao, usafi wa uso wake, umbo, ukubwa, rangi, na kulingana kwa lulu zote za kidani kimoja. Mng'ao ndio wa kutangulizwa. Lulu njema huonyesha sura ya kitu kilicho mbele yake. Lulu ya mviringo kamili ni adimu, kwa hiyo ni ghali. Zilizo bapa au zilizopinda ni rahisi. Na nyeusi za maji matamu kwa kawaida zimetiwa rangi.

Hapo ndipo udanganyifu unapopenya. Wako wauzao shanga za kioo au plastiki zilizopakwa rangi kwa jina la lulu. Hizo huweza kujulikana: lulu ikisuguliwa taratibu kwenye ncha ya jino hukwaruza kidogo, na ya bandia huteleza. Lakini iliyofugwa na ile ya kuzamiwa zote hukwaruza; kuzitenga kwahitaji picha za eksirei. Mnunuzi wa kawaida atapata wapi chombo hicho? Kwa hiyo mizani ya lulu ni ulimi wa muuzaji.

Mtume wetu (s.a.w.) aliingiza mkono katika fungu la nafaka sokoni, akakuta unyevu chini yake, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha, na akamkana kila adanganyaye. Muuzaji wa lulu aseme wazi: hii imefugwa, hii imetiwa rangi. Akificha aibu, sheria imempa mnunuzi haki ya kurudisha. Na lulu ikiwa ni mahari, yapasa itajwe aina yake mbele ya mashahidi, ili bibi arusi asipewe ushanga kwa jina la hazina. Tena, lulu ya kuvaa haina zaka kama dhahabu inavyoweza kuwa nayo. Lakini ya biashara huhesabiwa pamoja na bidhaa, ikitimia nisabu na mwaka, ikatolewa moja katika arubaini.

Enyi mabinti, lulu huharibiwa na siki, ndimu, jasho na manukato. Jitieni manukato kwanza, kisha ndipo mvae kidani. Na mkivuapo, kipanguseni kwa kitambaa laini.

Dhahabu ina mizani ya chuma, wala haimwonei haya mtu. Lulu yategemea uaminifu wa anayeiuza, na soko lisilo na uaminifu huishusha hata lulu njema ikawa kama shanga. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli katika kuuza na kununua kwetu. Amin.