Faini ya Pauni 100 na Bili Inayofuata Nyuma Yake

Dereva wa Dar es Salaam ameizoea faini yenye mwisho: umeandikiwa, umepewa kontroli namba, umelipa, yameisha. Akihamia Uingereza, faini ndiyo inakuwa sehemu ndogo ya gharama.

Kamera ikikunasa umezidisha mwendo, barua hutumwa ndani ya siku 14 kwa aliyesajiliwa kuwa mwenye gari, naye ana siku 28 za kumtaja aliyeshika usukani. Kosa likiwa la kawaida, adhabu ni pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni. Wengi hulipa harakaharaka ili wasiione tena ile bahasha. Wasubiri kwanza.

England na Wales kuna njia ya pili, nayo ni kozi ya saa chache kuhusu mwendo, ambayo siku hizi husomwa hata mtandaoni. Ada yake hutofautiana kwa eneo na haiko mbali na hizo pauni 100, ndiyo maana watu huidharau. Lakini ukiimaliza hupati pointi. Tuseme bima yako ni pauni 800 kwa mwaka, na kampuni inaongeza asilimia 10 kwa ajili ya pointi 3. Hizo ni pauni 80 kila mwaka, na kampuni za bima huweza kuuliza makosa ya miaka 5 iliyopita. Piga hesabu mwenyewe. Kwa kijana ambaye bima yake ni kubwa zaidi, nyongeza huuma zaidi.

Kozi haipewi kila mtu. Penye kikomo cha maili 30 kwa saa, kwa kawaida hupewa aliyekimbia kati ya 35 na 42, na awe hajasoma nyingine ndani ya miaka 3. Kwenda mahakamani ni kwa mwenye ushahidi wa kweli: ukishindwa, faini hupimwa kwa kipato chako cha wiki na huweza kufika pauni 1,000, au 2,500 kwenye barabara kuu za magari.

Kwa aliyepata pointi, kuna mtego mmoja upande wa bima. Pointi hizo hukaa kwenye leseni miaka 4, ilhali swali la bima ni la miaka 5. Mtu anaona leseni yake ni safi, anajibu “sina kosa”, kisha siku ya ajali kampuni inagundua na kukataa kumlipa, au inamfutia bima kabisa. Akienda kampuni nyingine, huko nako ataulizwa kama amewahi kufutiwa bima.

Anayepaswa kuwa mwangalifu kuliko wote ni mzoefu wa nyumbani. Leseni ya Kenya au Tanzania hutumika huko miezi 12 tu. Baada ya hapo ni lazima ufanye mtihani wao. Ukifaulu, hata kama umeendesha basi la mikoani miaka 20, kisheria wewe ni dereva mpya kwa miaka 2, na katika kipindi hicho pointi 6 zinatosha kukufutia leseni. Barua mbili za kamera tu, na unarudi kuomba leseni ya mwanafunzi, kufanya mtihani wa nadharia kisha wa barabarani, huku gari limeegeshwa na bima yake inaendelea kulipiwa.