Mwenye Kutumia Aulizwe Kwanza

Vijana wengi mjini Morogoro, waliosoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, waliotoka Mzumbe, na wengine ambao hawakupita chuo chochote, husikika siku hizi wakiulizana habari za kazi moja ambayo jina lake limeenea kuliko maana yake. Ni kazi ya yule fundi ambaye hutengeneza sehemu ya programu ambayo mtu huiona kwa macho na kuigusa kwa kidole: maneno yaliyomo, mahali pa kubonyeza, hatua za kufuata, na namna ya kurudi nyuma pale mtu anapokosea. Kazi hii imesimama katikati ya uchoraji na uandishi wa programu. Donald Norman, alipojiunga na kampuni ya Apple mwaka 1993, alijitwalia cheo kilichobeba neno hilo, na tangu hapo likaenea duniani. Sisi katika makala haya tutamwita fundi huyo msanifu wa matumizi, kwa kuwa anachokisanifu hasa si kioo cha simu bali ni ile hali ya mtu anapokitumia kitu.

Wengine watauliza, gazeti la wanachama na wafanyakazi lina shauri gani na mambo ya vioo vya simu? Twajibu kwamba mkoa huu wa Morogoro umekwisha kulipa gharama kubwa, zaidi ya mara moja, kwa ajili ya vitu vilivyosanifiwa na watu wasiomwuliza mwenye kuvitumia.

Tazameni milima ya Uluguru. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Serikali ya kikoloni iliona udongo unaporomoka na mito inachafuka, na katika hilo haikukosea, maana maji ya mto Ruvu yatokayo milimani humo ndiyo yanywewayo Dar es Salaam hata leo. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukaletwa mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Kila mtu mwenye nguvu akaamriwa kuchimba ngazi katika miteremko ya mashamba, siku kadhaa kila juma, na asiyechimba akatozwa faini. Katika karatasi mpango ulikuwa mzuri. Katika shamba, kuchimba ngazi kulifukia udongo wa juu wenye rutuba na kuuleta juu ule wa chini usio na kitu. Mahindi hayakuongezeka. Kazi nyingi iliwaangukia akina mama, ambao tayari walikuwa na jembe, kuni na maji. Na ardhi ya Waluguru hurithiwa kwa ukoo wa mama, jambo ambalo mabwana shamba hawakulitia katika hesabu yao. Mwaka 1955, mwaka mmoja tu tangu TANU kuundwa, wananchi wa Matombo walikataa. Polisi wakapiga risasi, mtu akauawa, na mpango ukaachwa.

Lakini upande wa Mgeta, ambako watu walikuwa na maji ya kumwagilia na mboga za kuuza mjini, ngazi zilishika, na mpaka leo msafiri aziona zimepanda mlima kama vidato. Ngazi ni ile ile, na Mluguru ni yule yule. Tofauti ni kwamba huku ilimfaa mwenye jembe, na kule haikumfaa. Msanifu wa matumizi ambaye hajayaelewa mambo haya mawili, Matombo na Mgeta, hajaanza kuijua kazi yake, hata kama ana kompyuta mbili mezani.

Wala kosa hili halikuondoka na mkoloni. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia katika miaka ya 1970, kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Jengo lilikuwa na kuta za aluminiamu, bila njia za kutosha za kupitisha hewa, katika mji ambao joto lake kila mtu alijua. Uzalishaji haukupata kuvuka asilimia 5 ya uwezo, na kiwanda kikafungwa mwaka 1990. Zilikuwapo sababu nyingine nyingi, za ngozi, za vipuri na za uendeshaji, nasi hatuwezi kuzitia zote katika ukuta mmoja. Hata hivyo mfanyakazi aliyesimama ndani ya ukuta ule saa nane mchana angaliweza kumwambia mchora ramani neno moja la maana, kama angaliulizwa.

Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo kitanda hicho ni simu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, fedha za mkulima hupita katika orodha fupi ya maneno inayotokea katika simu ndogo ya vibonye. Ujumbe mmoja wa orodha hiyo hauwezi kuzidi herufi 182. Muda nao una mpaka. Mtu akichelewa kusoma, orodha hufungwa, naye huanza upya tangu mwanzo. Mfikirieni mama aliyeshuka kutoka Kinole na ndizi zake mpaka soko la Chifu Kingalu. Macho yamechoka, jua ni kali juu ya kioo, na maandishi yanamkimbia. Afanyeje? Humpa simu kijana aliye karibu, na pamoja na simu humpa namba ya siri. Hapo watu husema mama hajasoma, au hana uangalifu. Sisi twasema kitu kimesanifiwa vibaya. Linganisheni na hatua ile moja ya kuonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha: haikumtaka mama aende shule, ila ilimpa nafasi ya kuona kwamba fedha ziko karibu kwenda kwa mtu asiyemjua. Huo ndio usanifu wa matumizi.

Yafaa wafanyakazi wajue kwamba fikra ya kumshirikisha mtumiaji haikutoka katika ofisi za matajiri peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Norway, Kristen Nygaard, mmoja wa waasisi wa lugha ya kompyuta ya Simula, alifanya kazi pamoja na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wenyewe wazielewe mashine zilizokuwa zikiletwa viwandani, na waweze kudai sauti juu yake. Miaka kumi baadaye, kati ya 1981 na 1985, vyama vya wafanyakazi wa uchapaji vya nchi za Skandinavia viliungana na wataalamu katika mradi ulioitwa UTOPIA. Kompyuta za kupangia kurasa zilikuwa hazijawa kamili, basi wakatengeneza za uongo kwa maboksi na mbao, wapiga chapa wakasimama mbele yake kana kwamba ni za kweli, wakasema: hapa mkono haufiki, hapa nahitaji kuona ukurasa mzima. Boksi tupu lilifundisha zaidi ya hotuba.

Na hapo ndipo kijana wa Morogoro aanzie. Asianze kwa kukopa fedha za kompyuta ya bei kubwa, wala kwa kuchora vitufe vya rangi za kupendeza na kuviweka hadharani vipate kusifiwa. Aanze kwa daftari. Aombe ruhusa kwa wakala wa fedha, akae kando ya meza yake siku nzima, mahali ambapo haoni namba ya siri ya mtu, na aandike: nani amerudi mara ya pili kuuliza, neno gani limesomwa kwa sauti na bado halikueleweka, nani ametoa kikaratasi mfukoni chenye namba alizoandikiwa na mwanawe. Kile kikaratasi ni mali. Kinaonyesha njia ambayo mtumiaji amejitengenezea mwenyewe baada ya msanifu kushindwa.

Kisha achague jambo moja dogo. Tuseme, mkulima wa pilipili manga wa Matombo ataka kujua bei kabla ya kuteremka. Achukue karatasi saba, kila moja ukubwa wa uso wa simu, aandike juu yake hatua moja moja, na ampelekee mkulima. Mkulima aguse karatasi kwa kidole, na kijana abadilishe karatasi kwa mkono wake kama ifanyavyo simu. Asimwelekeze. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, maana ulimi huwasha. Mtu akisita, asite. Hapo aliposita ndipo penye kazi. Jakob Nielsen wa Denmark, aliyelichunguza jambo hili pamoja na Thomas Landauer mwaka 1993, alionyesha baadaye kwamba watu watano huweza kufichua kiasi cha asilimia 85 ya kasoro za kitu kinachojaribiwa. Hesabu hiyo ina faraja kwa asiye na fedha. Ila watu watano wa bweni moja la chuo ni kama mtu mmoja. Watafutwe watano wasiofanana, na mmoja wao awe hasomi vizuri.

Lugha nayo ni kazi yake, tena kubwa. Desemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na hapo ilionekana kwamba lugha yetu yaweza kubeba mambo hayo. Lakini kuna Kiswahili cha kamusi na kuna Kiswahili cha dirishani. Twapenda neno tarakilishi, na wasomi wana haki ya kulitetea. Hata hivyo mtu aliye na haraka hutafuta kompyuta. Mwandike mtu "Toa pesa" naye ajua la kufanya. Mwandike "Tekeleza muamala" naye ataita kijana wa karibu. Msanifu aokote maneno midomoni mwa watu kabla ya kuyatafuta vitabuni.

Baada ya hapo, wala si kabla, aingie katika ufundi wenyewe. Ajifunze HTML, ambayo ni mifupa ya ukurasa. CSS, iliyotolewa mwaka 1996, ambayo ni mavazi yake. Na JavaScript, ya mwaka 1995, iupayo ukurasa mwendo. Mafunzo yake hupatikana bure kwa mwenye intaneti, na kivinjari cha kompyuta yoyote ya zamani chatosha kujaribia. Zana za kuchorea kama Figma zina sehemu isiyolipiwa. Atahitaji pia kujua miongozo ya dunia juu ya watu wenye ulemavu, ambayo yadai, kwa mfano, tofauti ya mwanga baina ya maandishi ya kawaida na mahali yalipoandikwa isipungue 4.5 kwa 1. Kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya wenye uoni hafifu, lakini humsaidia kila mtu auzaye nyanya juani. Na kila ukurasa aujaribu katika simu ya bei nafuu, akiwa mahali mtandao unapokatika, kwa fedha yake mwenyewe ya bando. Ukurasa mzito ni kodi kwa maskini.

Tusifiche kwamba ufundi huu una upande wa giza. Anayejua mtu anaposita aweza pia kumfanya asisite panapompasa kusita. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Watu waijua mikopo ya namna hiyo kwa jina la kausha damu. Baadhi ya programu za aina hii humfanya mkopaji abonyeze "Kubali" bila kuona kwamba amekabidhi majina na namba zote zilizomo katika simu yake, na siku akichelewa kulipa, ndugu na wakuu wake wa kazi huanza kupigiwa. Kitufe kile hakikujiweka hapo chenyewe. Kuna fundi aliyekichora kikubwa, na masharti akayachora madogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yampa raia kinga. Nayo yampa msanifu kijana sababu ya kumwambia mwajiri, hili silifanyi.

Na kazi ipo wapi? Ipo katika mabenki, katika makampuni ya simu, katika makampuni madogo ya vijana yaliyojaa Dar es Salaam, na katika mifumo ya Serikali, ambayo tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imezidi kuongezeka. Tangu Juni 2024 treni ya umeme yamfikisha Mmorogoro Dar es Salaam na kumrudisha siku ile ile. Atakayeomba kazi asipeleke picha za kupendeza peke yake. Apeleke kurasa mbili: aliona nini sokoni, alibadili nini, na watu walifanya nini alipowaletea tena. Atakataliwa mara kadhaa. Wapo waajiri ambao bado wadhani kazi hii ni kupaka rangi, nao hutangaza nafasi moja wakitaka mtu mmoja awe mchoraji, mwandishi wa programu na mpiga picha wa harusi za mkurugenzi.

Tuna neno pia kwa waajiri hao. Mnapotuma vijana kujaribu programu zenu kwa wananchi, wekeni fungu la fedha kwa ajili ya wale wanaojaribiwa. Mama aliyeiacha meza yake ya mboga kwa nusu saa ili awaonyesheni kosa lenu amewafanyia kazi, na katika nusu saa hiyo wateja wake wamenunua kwa jirani. Alipwe siku ile ile, kabla kijana hajafunga daftari lake.