Volkano ya Magadi

Treni ya umeme inayotoka Dar es Salaam ikifika Ngerengere, abiria aliyekaa dirishani siku isiyo na ukungu huiona Milima ya Uluguru imesimama upande wa magharibi, jua la asubuhi likiipiga usoni. Kilele cha Kimhandu kina zaidi ya meta 2,600 kutoka usawa wa bahari. Lupanga, kinachouinamia mji wa Morogoro, kinapita meta 2,100. Ni milima mirefu yenye miteremko mikali, na si ajabu kumsikia kijana akiwaambia wenzake kwamba ile ni volkano iliyolala.

Si volkano. Miamba ya Uluguru ilipikwa kilindini zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, mabara ya kale yalipogongana. Joto na shinikizo viliigeuza miamba iliyokuwapo ikawa migumu, yenye fuwele. Ndiyo maana upande wa Matombo watu huchimba rubi ndani ya marumaru. Baadaye sana ardhi ikapasuka kwa nyufa ndefu, pande moja likainuka na mengine ya pembeni yakashuka. Mvua na mito, Ngerengere ukiwa mmojawapo, vikachonga mabonde. Hakuna kasoko, hakuna koni ya majivu, hakuna mtiririko wa lava.

Kwa hiyo marafiki wa Ngerengere wanaotaka kuyaona macheo wakiwa juu ya volkano hai hawana budi kushika njia ya kaskazini: Chalinze, Segera, Korogwe, Moshi, Arusha, kisha Mto wa Mbu, na kutoka hapo barabara ya vumbi inayopita Engaruka hadi kijiji cha Engare Sero, karibu na Ziwa Natron. Hapo ndipo ulipo Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamaasai, wenye meta zipatazo 2,962.

Tanzania ina volkano nyingine zinazopandwa usiku ili kuwahi jua. Wapandaji wa Kilimanjaro huondoka kambi ya mwisho karibu saa sita usiku kuelekea Kilele cha Uhuru, meta 5,895, mahali ambapo oksijeni mtu anayoivuta ni nusu tu ya ile ya pwani. Mlima Meru nao hupandwa hivyohivyo. Mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910. Lakini Lengai ndio ambao haujanyamaza, na ndio pekee duniani unaojulikana kutema lava ya aina yake.

Safari huanza saa tano au saa sita usiku, na sababu yake kubwa si mandhari. Ni joto. Bonde la Natron ni mojawapo ya sehemu zenye joto kali nchini, mlima hauna mti wa kumfichia mtu kivuli, na anayeanza kupanda mchana huweza kumaliza maji kabla ya kufika nusu ya njia. Usiku mambo hugeuka: hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi sita na nusu kila kilometa moja ya kwenda juu, hivyo kileleni mtu huhitaji koti zito ingawa aliondoka chini akitokwa jasho. Kupanda huchukua saa tano hadi saba. Mwanzoni ni majivu makavu yanayorudi nyuma kila mguu unapokanyaga. Juu zaidi ni mwamba mkavu wenye mwinamo unaokaribia nyuzi 45, ambako mikono hufanya kazi sawa na miguu. Huo mwinamo ndio unaowapima marafiki. Kundi lina kasi ya yule anayechoka mapema, na anayemwacha mwenzake gizani ili awahi picha hafai kualikwa tena.

Kuchelewa kuna gharama yake. Karibu na ikweta jua hupanda takriban wima, kwa hiyo mwangaza wa alfajiri hauchukui muda: kutoka weupe wa kwanza wa kutosha kuona njia hadi jua lenyewe ni dakika zipatazo 22 tu, wakati London kipindi hicho huweza kufika dakika 40 na zaidi majira ya kiangazi. Lengai jua hutoka karibu saa kumi na mbili na nusu, robo saa mbele au nyuma kutegemea mwezi. Ngerengere, iliyoko mashariki zaidi, hulipata kwa wastani dakika tisa kabla. Aliyeko kileleni hufidiwa kidogo: kwa kuwa upeo wa macho unashuka kadiri mtu anavyopanda, hulipata jua dakika kama tano kabla ya wachungaji walioko bondeni.

Kabla ya hapo kuna jambo la kutazama ndani ya kasoko, kama mlima una shughuli usiku huo. Lava ya volkano nyingi, kama ile ya Nyiragongo juu ya mji wa Goma, huwa na joto la nyuzi 1,000 na zaidi, na hung'aa nyekundu na rangi ya machungwa hata mchana. Ya Lengai ina nyuzi 500 hadi 600 tu. Gizani hutoa wekundu hafifu. Jua likishatoka, wekundu huo hauonekani tena: kilichopo mbele ya macho ni kitu cheusi au cha kahawia kinachotiririka kama mafuta ya kupikia, na mgeni asiyeambiwa angeapa kwamba ni tope. Halafu, ndani ya saa au siku chache, kile cheusi hugeuka cheupe. Kwa miaka mingi wasafiri walioutazama mlima huu kwa mbali walidhani kilele kina theluji.

Maelezo yake yamo jikoni. Lava za kawaida zimejaa silika, ambayo molekuli zake hushikana minyororo mirefu na kuifanya lava iwe nzito. Ya Lengai karibu haina silika. Sehemu yake kubwa ni kabonati za sodiamu, kalisi na potasiamu. Kabonati ya sodiamu ndiyo kiini cha magadi, yaleyale ambayo mama wa Morogoro huyatia katika kisamvu au maharage ili yalainike haraka. Minyororo ya silika ikikosekana, lava hutiririka kwa wepesi, na sodiamu kwa wingi wake hushusha kiwango cha joto la kuyeyukia. Ikipata unyevu wa hewa, madini yake huchukua maji na kugeuka unga mweupe. Mvua huosha sehemu ya chumvi za mlima kuelekea Natron, ziwa la magadi ambalo ndilo mazalio makuu ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki.

Wanasayansi walichelewa kuamini. Mwaka 1960 mwanajiolojia Barry Dawson, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya jiolojia ya Tanganyika, aliingia kwenye kasoko akaiona lava hiyo ikitoka, na mwaka 1962 taarifa yake ikachapishwa katika jarida la Nature. Kabla ya hapo wako wataalamu waliobisha kwamba kabonati haiwezi kuwa magma. Madini mawili makuu ya lava hiyo hayakuwa na majina. Moja likaitwa gregoriiti, kwa heshima ya John Walter Gregory, mwanajiolojia Mwingereza aliyelichunguza Bonde la Ufa mwishoni mwa karne ya 19. Lingine likaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Julius Nyerere. Inashangaza kwamba Watanzania wengi wanaojua viwanja na barabara zenye jina la Mwalimu hawajawahi kusikia kwamba yako pia madini.

Kwa nini Lengai na si Uluguru? Mlima huu umekaa ndani ya Bonde la Ufa, ambako ardhi ya Afrika inaachana kwa milimita chache kila mwaka. Gamba la dunia hapo limekuwa jembamba, na magma hupata njia. Julai 2007 maelfu ya mitetemo iliitikisa sehemu hiyo, mkubwa wake, wa tarehe 17, ukiwa na kipimo cha 5.9 na kusikika hadi Nairobi. Magma ilikuwa ikijipenyeza ardhini karibu na mlima jirani wa Gelai. Septemba 4 mwaka huohuo Lengai ukalipuka, na safari hiyo si kwa lava ya kutiririka bali kwa majivu yaliyorushwa juu angani. Magma mpya yenye silika ilikutana na ile ya kabonati, gesi ya kaboni dayoksaidi ikafumuka kwa nguvu. Milipuko iliendelea hadi 2008. Sakafu ya kasoko, ambayo kabla ya hapo wapandaji walikuwa wakitembea juu yake, ikawa shimo refu lenye kingo zinazobomoka.

Tangu 2016 mtandao wa vipimo vya satelaiti uitwao TZVOLCANO, ambao Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam kinashiriki, umekuwa ukipima jinsi mlima unavyoinuka na kushuka. Mwaka 2022 vipimo vilionyesha ardhi ikiinuka kwa muda, dalili ya magma kujaa chini.

Wanaofika juu kwa wakati wasiishie kutazama mashariki, ambako anga likiwa safi Kilimanjaro huonekana umbali wa kilometa 160 hivi. Wageuke. Upande wa magharibi kivuli cha mlima hulala juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, nacho huwa na umbo la pembetatu. Hata mlima usio na ncha hutoa pembetatu, kwa sababu kivuli kirefu kinachokwenda mbali na mtazamaji huonekana kikizidi kuwa chembamba. Juu yake kuna ukanda wa rangi ya waridi na chini ya ukanda huo rangi ya samawati iliyoiva, ambayo ni kivuli cha dunia yenyewe kikizama.

Kuteremka ndiko kunakovunja magoti, na ni vema kuanza kabla jua halijawa kali. Watakaobaki na nguvu waombe kupelekwa kwenye tope la majivu lililoganda karibu na Engare Sero, lenye nyayo zaidi ya 400 za binadamu waliopita hapo kati ya miaka 5,760 na 19,100 iliyopita.

Wanaopanga safari hii wasipange tarehe kwa kutazama kalenda ya likizo peke yake. Waulize kwanza waongozaji wa Engare Sero, wanaouona mlima kila siku: je, kuna mitetemo, kuna majivu, kingo za kasoko zimekatika wapi? Kila mmoja abebe maji yake, angalau lita tatu, na taa ya kichwani yenye betri za akiba. Ikumbukwe pia kwamba Wamaasai hupanda kusali hapo, kwa hiyo muziki wa spika ubaki kwenye gari. Na waongozaji wakisema wiki hii mlima haupandiki, waahirishe.