Je, Wajua? Anachora juu ya sanda

Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, hachori kwenye turubai. Hutumia lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Waganda, watu wa Buganda nchini Uganda, huzikia wafu wao kwa kitambaa hichohicho.

Gome hubanduliwa, likagongwa kwa nyundo za mbao mpaka litanuke. Mti haufi. Shina hufungwa majani ya mgomba, na gome huota upya.

Kitambaa huja na matundu na mishono. Armitage havifichi. Mshono unaweza kumpitia mtu mwilini kama kovu, naye akauacha. Kwa mbali unaona rangi tamu tupu. Ukisogea, moyo unasita. Kuna hofu mle ndani, na picha haisemi ni ya nini.

Mwaka 2017 alihudhuria mkutano wa kampeni katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Katika picha yake The Fourth Estate, iliyotokana na mkutano huo, watu wamejazana juu ya mti.

Na lubugo aliigundua wapi? Si Buganda! Ni kwenye soko la Nairobi, ikiuzwa kwa watalii.