Utando wa Kukenekea Maji Utokanao na Mimea: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Kuchemsha maji huua vimelea vya maradhi, lakini hakuondoi chumvi wala madini ya floraidi. Mvuke unapotoka, madini hayo hubaki sufuriani, na maji yanayosalia huwa nayo kwa wingi zaidi katika kila lita. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Baadhi ya visima vya Bonde la Ufa, vikiwemo vya Mkoa wa Arusha, huvuka kiwango hicho, na watoto wanaokua wakiyanywa maji hayo huweza kupata madoa ya kahawia kwenye meno. Njia mojawapo ya kuondoa floraidi ni ukenekaji kwa utando, na watafiti sasa wanatengeneza tando hizo kwa malighafi ya mimea.

Utando hufanyaje kazi?

Kukeneka ni kugeuza maji kuwa mvuke, kisha kuupoza mvuke huo urudi kuwa maji, kama matone yanayojikusanya chini ya mfuniko wa sufuria. Katika njia hii maji hupashwa moto, aghalabu kati ya nyuzi 40 na 80 za Selsiasi, bila kufikia kuchemka. Maji hayo ya moto hupita upande mmoja wa utando. Upande wa pili hupozwa. Utando una vitundu ambavyo kwa kawaida havizidi mikromita 1, yaani sehemu moja ya 1,000 ya milimita. Tena haulowi, mfano wa jani la mgimbi linavyoyaviringisha matone ya mvua. Kwa hiyo maji hayaingii vitunduni; mvuke peke yake ndio upitao. Chumvi na floraidi, kwa kuwa hazigeuki mvuke, hubaki nyuma.

Hutengenezwaje?

Tando nyingi za kibiashara za njia hii hutokana na plastiki za mafuta ya petroli. Badala yake, watafiti hutumia asetati ya selulosi, itokanayo na pamba au mbao, au polilaktiki, itokanayo na sukari ya mahindi au miwa. Malighafi huyeyushwa katika kiyeyusho, hutandazwa kwa wembamba juu ya kioo, kisha huzamishwa majini. Kiyeyusho kinapotoka na maji kuingia mahali pake, malighafi huganda na kuacha vitundu. Asetati ya selulosi hulowa kwa urahisi, hivyo hulazimika kupakwa dawa ya kuzuia maji.

Mambo ya kuzingatia

Neno “asilia” kwenye kifungashio si uthibitisho wa usalama. Kazi kubwa ya tando hizi bado inafanyika maabara. Muuzaji anayedai kuwa nazo anapaswa kuulizwa yafuatayo:

1. Je, utando unastahimili joto gani? Polilaktiki huanza kulainika karibu na nyuzi 60, na vitundu vyake huweza kuharibika.

2. Je, kiyeyusho kilioshwa chote? Mabaki yake huweza kuingia katika maji ya kunywa.

3. Je, kifaa kinatumia nishati kiasi gani? Kuvukiza lita moja ya maji huhitaji takriban uniti 0.65 za umeme, endapo joto halirejeshwi. Joto la jua hupunguza gharama hiyo.

4. Je, kifaa kimepimwa na kupata alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS)?

Mtumiaji asitie maji yenye sabuni au mafuta, kwani hulowesha vitundu na kuruhusu maji machafu yapenye. Vilevile, utando hauzuii petroli wala mafuta ya taa, ambayo hugeuka mvuke pamoja na maji.

Maji yakianza kuwa na ladha ya chumvi, utando umelowa au umetoboka, usiyanywe. Floraidi, hata hivyo, haitambuliki kwa ladha wala rangi. Peleka sampuli maabara kabla ya kuanza kutumia kifaa, na urudie kipimo hicho mara kwa mara.