Uti wa Mgongo na Mwendo wa Mnyama

Binadamu, sokwe na nyani ni wa kundi moja la wanyama, liitwalo praimeti. Wote wana uti wa mgongo uliojengwa kwa pingili za mifupa, na shingo ya kila mmoja wao ina pingili 7. Tofauti kubwa huonekana kiunoni, yaani sehemu ya mgongo iliyo baina ya mbavu na nyonga.

Nyani hutembea kwa miguu minne. Kiuno chake ni kirefu, na kwa kawaida kina pingili 6 au 7. Akimbiapo, mgongo hukunjika na kukunjuka, hivyo hatua zake hurefuka. Sokwe ana pingili 3 au 4 tu, na zile za chini zimebanwa baina ya mifupa mirefu ya nyonga. Mgongo huo mgumu humfaa mnyama mzito apandaye miti na kuning'inia matawini kwa mikono. Lakini asimamapo kwa miguu miwili, hawezi kuupinda ili kifua na kichwa vikae sawasawa juu ya nyonga. Hulazimika kukunja magoti na kuinama mbele, na mwendo huo humgharimu nguvu nyingi.

Binadamu kwa kawaida ana pingili 5 za kiuno. Nyonga zake ni fupi na pana, hivyo pingili hizo zina nafasi ya kujipinda kuelekea mbele na kuuweka uzito wa mwili juu ya miguu. Mpindo huo hukamilika polepole, mtoto anapojifunza kuketi, kusimama na kutembea.

Mifupa ya kale nayo ina ushahidi wake. Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, Kamoya Kimeu aligundua mabaki ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Hapo awali wataalamu walidhani kiuno chake kilikuwa na pingili 6. Mabaki yalipochunguzwa upya, zilionekana kuwa 5, kama za mtu wa leo.

Kusimama wima kuliiacha mikono huru kwa kubeba vitu na kutengeneza zana. Hata hivyo, uzito wa kiwiliwili huelemea sehemu ya chini ya kiuno, na ndipo sahani za gegedu zilizo baina ya pingili huumia mara nyingi. Mwanafunzi akisimama wima na kugusa kiuno chake kwa nyuma, atauhisi mpindo huo, akiinama, hutoweka.